Mstari wa Upande wa Kushoto

Tak Yongok alikuwa na ulimi mkali, na hilo hata mwenyewe hakulikana. Katika chumba cha picha cha hospitali moja ya meno mjini Daegu, alikofanya kazi miaka kumi na tisa, walimwogopa yeye kuliko mkuu wa idara. Mkuu wa idara alikasirika mara moja kwa mwezi. Tak alikuwa ameshakasirika mara mbili kabla watu hawajavua makoti.

Kazi yake ilikuwa kuchora mshipa. Mgonjwa anayetaka kurekebishwa taya hupigwa picha kwa ile mashine kubwa inayomzunguka kichwa, na mashine huleta taya lake likiwa limekatwa slesi nyembamba nyembamba kama mkate wa dukani. Ndani ya mfupa huo, kila upande, mna mshipa mmoja wa fahamu. Huingia nyuma, karibu na sikio, hupita chini ya mizizi ya magego, na huchomoza mbele kando ya kidevu. Huo ndio unaokuambia kuwa chai ni ya moto, kuwa kuna punje ya wali imekuganda mdomoni, kuwa mtu kakubusu. Tak aliutafuta slesi kwa slesi, akiweka nukta baada ya nukta, mpaka unatokea mstari mwekundu kwenye kioo cha kompyuta. Daktari akishauona mstari ndipo anajua msumeno upite wapi na uishie wapi, maana taya hupasuliwa kwa urefu kama kuni, pande zote mbili, ndipo la mbele lirudishwe nyuma na kufungwa kwa skrubu. Kuchora upande mmoja, ukiwa mtu wa haki, kunakula dakika arobaini.

"Taya si soksi," aliwaambia waliokuja kujifunza kwake. "Soksi ya kushoto unaivaa kulia na hakuna atakayejua. Taya ni kiatu."

Na alijua anachosema. Taya fupi na nene huuficha mshipa katikati, mbali na kuta, kama mtu aliyejifunika blanketi. Taya refu na jembamba, lile linalotangulia mbele ya uso, mshipa wake hutembea ukutani. Lakini baya kuliko yote ni taya lililoegemea upande mmoja. Upande huu mshipa umekaa ndani raha mustarehe, upande wa pili umeegemea ukuta wa nje, na mfupa unaoufunika ni kama ganda la yai. Anayepeleka msumeno hapo akidhani ana unene wa kutosha, ndiyo basi tena.

Sasa kompyuta ile ilikuwa na kitufe cha kugeuza. Unachora upande wa kulia, unabonyeza, na mstari wenyewe unajitokeza kushoto kama kwenye kioo cha kujitazamia. Kimewekwa kwa ajili ya vitu vingine. Miaka mitatu nyuma, msichana mmoja aitwaye Maeng alikibonyeza ili awahi kutoka. Tak aliigundua picha ile asubuhi yake, akaionyesha ukutani kwenye kikao cha Jumatatu, madaktari wote wamekaa.

"Mwenzetu huyu amegundua mtu mpya duniani," akasema. "Ana pande mbili, zote za kulia."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Maeng alisimama katikati yao, mikono nyuma, uso mwekundu kama pilipili. Hakuna aliyekuwa ameumia, picha ilirekebishwa siku ile ile, lakini majira ya kuchipua maua hayakumkuta pale. Alihamia kliniki ndogo nje ya mji. Tak hakujutia hata nukta moja. Na tangu siku hiyo mstari uliochorwa na Tak hakuna aliyeukagua. Nani angethubutu?

Chakula cha mchana alikula soko la Seomun, kwenye kibanda cha tambi cha Mama Dajong: masufuria mawili ya supu ya dagaa, benchi moja la mbao, na mama mwenyewe nyuma ya ubao akikata donge la unga kwa kisu kipana, tak-tak-tak, bila kuangalia vidole. Miaka kumi na moja Tak alikaa pembe ile ile ya benchi. Mama Dajong alimzidi miaka mitatu, kwa hiyo alikuwa dada, na Tak alikuwa Mama Gyuho, kwa jina la mwanawe aliyekuwa jeshini.

Binti wa kibandani, Dajong, alikuwa na taya la marehemu baba yake. Lilitangulia mbele, na kidevu kiliegemea kushoto kana kwamba kuna mtu kakisukuma akakiacha hapo. Meno ya mbele ya juu na ya chini hayakukutana hata siku moja. Binti wa muuza tambi alikuwa hawezi kukata tambi kwa meno. Tangu utoto alizikata kwa mkasi humo humo bakulini, na wateja wakidhani ni madaha.

Alipofika miaka ishirini na minne akapata kazi ya ualimu wa chekechea. Angeanza mwezi wa tatu, shule zinapofunguliwa. Alitaka aanze na meno yanayokutana. Lakini foleni ya Daktari Sonu, mpasuaji mkubwa wa mataya pale hospitalini, ilikuwa inafika mpaka majira ya joto.

"Mama Gyuho," Mama Dajong akasema siku moja, "wewe si uko humo humo? Hebu mnong'oneze huyo daktari wako."

"Daktari si wangu, dada. Angekuwa wangu ningekuwa nakula tambi hapa?"

"Basi mnong'oneze hivyo hivyo, akiwa wa watu."

Benchi zima likacheka. Tak akanong'ona. Mtu mmoja alikuwa ameahirisha, nafasi yake ya wiki ya pili ya Januari akapewa Dajong. Mama Dajong alipoambiwa alimshika Tak mikono yote miwili kwa mikono yake yenye unga, asiweze kusema kitu, yeye ambaye husema hata usingizini.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Watu wote hunong'onezana.

Picha za Dajong zilimfikia Tak Ijumaa moja katikati ya Desemba. Ijumaa hiyo hiyo, kule Chongdo kwa mama mkwe wake, kabichi themanini za kimchi, achari ya kuliwa mwaka mzima, zilikuwa kwenye chumvi tangu alfajiri. Aliyewahi kuweka kabichi chumvini anajua. Zisipogeuzwa kwa wakati, za juu hubaki ngumu kama mbao na za chini hugeuka maji ya bahari. Mawifi watatu walikuwa wameshafika. Mwaka uliotangulia Tak alichelewa saa moja, na saa hiyo moja alisimuliwa mwaka mzima, kwenye kila sikukuu, mbele ya kila mgeni.

Saa tisa simu ikalia.

"Wifi, uko wapi?"

"Kazini, niko wapi tena?"

"Basi sawa. Mikono yetu sisi si ya hospitali, tutageuza. Mwaka jana tuligeuza, mwaka huu tutageuza, mwaka kesho..."

"Nakuja, wifi! Nakuja na treni ya saa kumi."

Upande wa kulia wa Dajong alikuwa ameumaliza, na aliufanya vizuri, hata adui yake asingepata la kusema. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini na tano. Akautazama upande wa kushoto, upande ambao kidevu kiliegemea, ule ule ambao kwa miaka kumi na tisa amewapigia watu kelele wauangalie mara mbili. Akabonyeza kitufe. Mstari ukaruka kushoto. Akasogeza nukta mbili tatu za mbele ili usionekane umetoka kiwandani, akajiambia Jumatatu asubuhi atauchora upya, akavaa koti.

Jumatatu asubuhi palikuwa na wagonjwa sita wanangoja, wanafunzi wote wamefunga shule na wote wanataka taya jipya kabla ya muhula. Faili la Dajong lilikuwa limeshapelekwa kwa daktari, na jina la Tak chini yake. Kulirudisha ilibidi aseme sababu. Hakulirudisha. Akasema moyoni kuwa pengine haitakuwa tofauti kubwa.

Kimchi ilitoka nzuri kweli mwaka huo. Akamchukulia Mama Dajong boksi moja.

Siku ya upasuaji Daktari Sonu alimkuta kwenye ujia, kofia bado kichwani. Mtu mpole, mrefu, mwenye tabia ya kuzungumza akiangalia viatu vyake.

"Bi Tak, yule binti wako wa tambi. Upande wa kushoto mshipa ulikuwa nje nje. Picha ilinipa milimita tatu, mimi nimekuta ganda tu. Nadhani nimeukwaruza. Taya la ajabu lile."

"La ajabu," Tak akasema.

Alirudi chumbani, akafunga mlango, akafungua faili. Mistari miwili myekundu ilimtazama kama pacha waliovishwa nguo sare. Mtoto wa darasa la kwanza angeona. Akauzima ule mstari wa kushoto, akaangalia slesi tupu, na mshipa wenyewe ukamjia wazi, umelala ubavuni mwa mfupa, mahali pale pale alipokuwa akiwafundisha wengine kuutafuta. Masikio yalimwaka moto. Alisikia watu wakicheka chumba cha pili, na ingawa alijua wanacheka mambo yao, alisimama akazima kompyuta haraka, kama mwizi aliyesikia kitasa.

Ukimtazama Tak kwa nje miezi ile usingejua kitu. Kwanza alikuwa mkali zaidi. Lakini kwenye benchi la tambi aliteseka. Mama Dajong alimwekea yai juu ya bakuli, akamwekea na la pili chini ya tambi, ili wateja wengine wasione wakalalamika.

"Kula, mwokozi wetu. Mbona umekonda? Mawifi wamekula nyama yako?"

"Nimeshiba, dada."

"Hujashiba. Mtu hashibi kwangu mpaka mimi niseme."

Akala. Yai la chini alilila mwisho.

Nyuma ya kibanda Dajong alikuwa akinyweshwa uji kwa bomba la sindano, taya limefungwa, uso umevimba kama mkate wa mvuke. Uvimbe ukaisha. Uso ukatoka mpya, umenyooka, mzuri. Mwezi wa tatu akaanza kazi. Lakini upande wa kushoto wa mdomo wa chini na kidevu chake ulikuwa si wake. Ukiugusa ilikuwa kama kugusa kiti.

Mama Dajong alianza kuisimulia kama kichekesho. Watoto wa chekechea walikuwa wamemwambia mwalimu wao, kwa sauti moja, "Mwalimu anatoa udenda kama Bomi!" Bomi alikuwa mtoto mchanga wa mwenye shule. Benchi likacheka. Wiki ya pili alisimulia tena, hakuna aliyecheka sana. Wiki ya tatu alisema tu kuwa Dajong sasa anashika leso mkononi kutwa nzima, na hataki kula mbele ya walimu wenzake.

Jumamosi moja ya Aprili Dajong mwenyewe alikuwa kibandani mchana, akila kando ya Tak. Alipeleka tambi mdomoni, akazikata kwa meno ya mbele, kwap! Kitu kidogo kama hicho. Mama yake aliacha kisu akamtazama kama watu wanavyomtazama mtoto anayepiga hatua ya kwanza. Na Dajong akaendelea kuzungumza, akimweleza Tak habari za watoto wake, huku uzi mmoja wa tambi ukining'inia pembeni ya mdomo na supu ikimtiririka kidevuni hadi kwenye kola. Hakujua. Mama yake akainama juu ya ubao akampangusa kwa upindo wa aproni.

"Mama! Mimi si mtoto!"

"Basi, basi."

Dajong akatoa leso, akajifuta mara mbili, upande usiokuwa na kitu, kisha ule wenye kitu.

"Daktari anasema nini?" Tak akauliza, kwa sababu kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi.

"Anasema nisubiri mwaka, mama mdogo. Eti umekwaruzwa tu, utarudi. Anasema ni umbo la taya langu, mshipa ulikaa mahali pabaya." Akacheka kidogo. "Hata likikatwa bado lina makosa."

"La baba yake hilo!" mama akadakia. "Juzi tulipomwandalia marehemu chakula chake cha kumbukumbu ya kila mwaka, nimemsema mbele ya picha yake. Nikamwambia, mzee, umekufa hukutuachia nyumba, hukutuachia shamba, umetuachia taya, na taya lenyewe bovu!"

Benchi zima likaangua kicheko. Na Tak naye akacheka.

Kicheko kile ndicho kilichomshinda. Kitufe alikuwa amekibeba miezi mitatu, mayai ya chini ya tambi alikuwa ameyabeba. Lakini kumcheka marehemu kwa kosa la Tak mwenyewe, mbele ya mke wa marehemu na mwanawe, na sauti yake kuwa juu kuliko za wengine! Alitoka pale akatembea hadi mwisho wa soko, kwenye vitambaa, akasimama kati ya marobota akiwa ameushika ukuta.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo yeye alilijua na Dajong hakulijua. Mshipa uliokwaruzwa husubiriwa. Mshipa uliokatwa hushonwa, tena mapema. Miezi minne, mitano, wapo wanaokubali kuufungua, kule Seoul. Ukingoja mwaka hakuna atakayeugusa. Daktari Sonu alisema usubiriwe kwa sababu aliamini ule mstari. Alikuta ganda, lakini akadhani ni mahali pamoja tu mshipa ulipochomoza, akaugusa kwa bahati mbaya akipita. Angejua mshipa ulikuwa wapi kweli, angejua msumeno wake ulipita katikati yake. Kila mchana ambao Tak alikaa benchini akila kimya, alikuwa anakula siku za mdomo wa yule binti.

Jumatatu aliingia kwa daktari kabla hajavaa koti jeupe. Akamwonyesha. Hakusema mengi, mistari ilijisema. Daktari Sonu alitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na kitufe."

Daktari akasema, akiangalia viatu, "Mimi ndiye niliyeshika msumeno. Ningepaswa kuzipitia slesi mwenyewe. Niliona jina lako chini, nikafunga faili."

Hilo lilimchoma kuliko kama angemtukana. Tak alikuwa amejiandaa kutukanwa.

"Nyamaza kwanza kidogo," daktari akaendelea. "Niongee na wakubwa."

"Kidogo kiasi gani, daktari?"

"Wiki mbili. Tatu."

"Wewe unajua kuliko mimi kwamba wiki tatu hana."

Tak akatoa mfukoni barua ya kukiri kosa aliyoiandika kwa mkono, ukurasa mmoja na nusu, yenye muhuri wake chini, akaiweka mezani kwa mikono miwili. Akainama, akatoka.

Saa tisa mchana, saa ambayo kibanda hakina wateja, alifika Seomun na boksi la mapeasi, yale makubwa ya manjano, kila moja ndani ya wavu wake, kama watu wote wanavyobeba wanapokwenda kuomba radhi. Alipofika akaliona jinsi lilivyo la kipuuzi. Hakujua aliweke wapi. Akaliweka sakafuni, naye akapiga magoti kando yake, kwenye maji ya kuoshea dagaa.

"Ala! Umeanguka?" Mama Dajong akachungulia juu ya ubao.

"Sijaanguka, dada."

"Basi inuka, hapo pananuka."

"Mdomo wa Dajong ni mimi."

Kisu kikasimama. "Sema tena. Polepole, mimi sikusoma."

Tak akasema. Alieleza mshipa na kuta za mfupa, taya lililoegemea, mstari wa kulia na mstari wa kushoto. Akasema taya la marehemu halikuwa na kosa lolote, kwamba lilihitaji tu kutazamwa, na yeye hakulitazama. Akasema habari za Seoul na za miezi. Sauti haikumtetemeka, alikuwa ameyarudia njiani.

"Kwa nini?" Mama Dajong akauliza.

Hilo hakuwa ameliandaa. Miezi mitatu amefikiria milimita, hakufikiria swali hilo.

"Kabichi," akasema.

"Kabichi gani?"

"Za kwa mama mkwe. Zilikuwa kwenye chumvi. Niliwahi treni."

Mama Dajong akaweka kisu chini. Kisha akageuka, akafungua friji, akatoa boksi, akaliweka juu ya ubao. Lilikuwa limebaki robo.

"Hizi?"

"Hizo."

"Nimemlisha hizi." Alisema taratibu, kama anayesoma bei. "Alikuwa hawezi kutafuna. Nikazisaga, nikazikamua, nikachanganya na uji wake kwenye lile bomba. Nikamwambia, mwanangu, onja angalau kitu cha Mama Gyuho, mtu aliyetusaidia."

Tak hakuwa na pa kuuweka uso wake. Aliinamisha kichwa mpaka akawa anaona dagaa mmoja mmoja sakafuni.

"Na hapo umekaa. Miezi mitatu. Unakula mayai yangu. Juzi namtukana marehemu mume wangu, na wewe unacheka."

"Ndiyo."

"Ungekuja siku ile ile ningekupiga na huu mti wa kusukumia unga. Haki ya nani ningekupiga, halafu ningekupikia. Leo hata kukupiga sina hamu." Akachukua kisu. "Inuka. Umeziba njia."

Tak akainuka. Magoti yalikuwa yamelowa. Aliyaacha mapeasi, na alipofika kwenye vitambaa akasikia nyuma yake kishindo cha boksi likitua nje.

Keshoye jioni, watu wakiwa wanafunga, Dajong alisimama mlangoni mwa chumba cha picha, na mkoba wake wa chekechea wenye picha ya sungura.

"Mama kaniambia," akasema. Hakusema mama mdogo. "Nataka kuuona."

"Njoo ukae."

"Sitaki kuona uliouchora. Nataka kuona wangu."

Tak akafungua faili, akaufuta mstari wa kushoto mbele yake. Akaanza slesi ya kwanza. Akatafuta, akaweka nukta. Slesi ya pili, nukta. Binti alikaa kiti cha pembeni, mkoba mapajani, leso mkononi, akitazama. Mara moja tu, mstari ulipoanza kusogea kuelekea ukuta wa nje wa mfupa, aliinama mbele. Ulisogea, ukasogea, ukalala ubavuni kabisa, na hapo Tak akaweka juu yake picha ya baada ya upasuaji, na alama ya msumeno ikaonekana imeuvuka. Wote wawili walipaona. Tak akaendelea hadi kidevuni, maana mshipa hauachwi katikati.

Alipomaliza, Dajong akatazama saa ya ukutani.

"Dakika thelathini na nane," akasema.

"Ndiyo."

"Na siku ile?"

"Siku ile ni kubonyeza tu."

Dajong akajifuta mdomo, ingawa haukuwa na kitu. Akaomba picha kwenye diski, akaitia ndani ya mkoba wenye sungura. Mlangoni aligeuka kama mwenye neno, akamtazama Tak, akaondoka nalo.

Seoul walimfungua mwezi wa tano. Walikuta nusu ya mshipa imekatika, wakaishona. Daktari Sonu alikwenda mwenyewe kibandani kusema ya kwake, na inasemekana alipewa bakuli akala amesimama. Hospitalini barua ya Tak ilisomwa kwenye kikao cha Jumatatu, madaktari wote wamekaa. Hakuna aliyecheka, na alitamani wangecheka. Walimwacha kazini kwa masharti kwamba kila mstari wake upitiwe na mtu wa pili. Alimpigia Maeng simu. Maeng alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa, Bi Tak," akakata. Mchana sasa alikula wali wa baridi chumbani, na akihitaji kitu Seomun aliingia kwa mlango wa mbali, upande wa viatu.

Mwezi wa tisa, katikati ya kazi, simu yake ikatoa mlio. Ujumbe kutoka kwa Dajong, wa kwanza tangu Aprili. Neno moja.

"Kunawasha."

Tak alisimama kwenye ujia, watu wakimpita huku na huku. Mshipa ukianza kurudi huwasha, kama sisimizi wanatembea. Akaandika "Asante", akafuta, asante ya nini? Akaandika "Nisamehe", akalitazama, akaona aibu kumwomba mtu kitu siku yake ya furaha, akafuta. Akafikiria kuandika habari za vitamini. Mwisho vidole vikaandika vyenyewe, kwa ulimi ule ule ambao hakuwahi kuuweza:

"Usijikune."

Akatuma. Na kwa siku nzima iliyobaki akauonea aibu ujumbe huo nao.